Uzoefu wangu: Fender Champ ya valvu baada ya kurekebishwa sauti

Amplifaya yangu ya gita ni Fender Champ ya miaka ya 1970, ile yenye paneli ya rangi ya fedha, spika moja ya inchi 8 na valvu (taa za kioo za kielektroniki) tatu tu: 12AX7 inayokuza mawimbi ya gita, 6V6 inayoisukuma spika, na 5Y3 inayogeuza umeme wa AC kuwa DC. Nguvu yake haifiki wati 10. Kwa kuwa ilitengenezwa kwa ajili ya Marekani, hapa Dar es Salaam naiwasha kupitia transfoma ya kushusha volti 230 kuwa 120, na kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 badala ya 60, transfoma yake ya ndani hupata joto zaidi, hivyo siiachi ikiwaka bila kupigwa.

Tatizo langu lilikuwa sauti za kati. Ukiacha kifundo cha kupandisha sauti, amplifaya hii ina vifundo vya besi na trebo (sauti nyembamba) tu. Sauti za kati zimepangwa kiwandani kwa rezista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme) ya kilo-omu 15, nazo huwa zimezama, kiasi kwamba nilipopiga solo pamoja na ngoma na gita la besi, nyuzi ya tatu na ya nne hazikusikika kabisa.

Fundi wangu, mzoefu wa redio za zamani, alianza na kapasita (vipande vinavyohifadhi chaji) za kuchuja umeme, zilizokuwa zimekauka na kuleta mvumo. Kabla ya kuzigusa alizitoa chaji kwa rezista, kwani humo huweza kubaki zaidi ya volti 300 hata plagi ikiwa imechomolewa. Asiyeijua hatua hiyo asifungue kasha. Kisha akaweka rezista ya kilo-omu 33 badala ya ile ya 15. Kirezista hicho, ambacho bei yake haifiki ya soda, ndicho kilichonirudishia solo yangu. Kapasita za bei kubwa nilizoagiza nje kwa ajili ya njia ya sauti, kusema kweli, sikusikia tofauti yake.

Nilikosea nilipomwomba akate rezista ya kilo-omu 2.7 inayorudisha nyuma sehemu ya sauti ya spika ili kuisafisha. Amplifaya ilipata kelele na ukali wa kupendeza, lakini kwenye mazoezi ya rumba kodi zangu za rithimu (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zilivurugika, kila noti ikiikanyaga mwenzake. Ilibidi nirudi kwake aweke potenshometa ya sauti (kipande kilicho nyuma ya kifundo) yenye swichi ya kuvuta, ili nichague kuiunganisha au kuikata rezista hiyo nitakavyo bila kutoboa paneli ya zamani. Potenshometa ya awali nimeihifadhi kwenye bahasha ndani ya kasha. Swichi ikivutwa wakati sauti iko juu, spika hutoa mshindo mkali, kwa hiyo siku hizi naishusha sauti kwanza.