Kijumba cha miraba 30 ndani ya The Sims 4: uzoefu wangu na Tiny Living

Nianze na jibu, maana wengi wanaoniuliza wanataka kujua kitu kimoja tu: pesa itoke au isitoke? Tiny Living ni pakiti ndogo ya nyongeza ya The Sims 4, mchezo wa kompyuta wa kujenga nyumba na kuendesha maisha ya watu wa kubuni. Ilitoka Januari 2020 na bei yake ya kawaida ni dola 9.99. Kama raha yako ni kujenga, inunue. Kama raha yako ni visa, kuoa na kuozesha na kugombanisha majirani, utaichoka upesi, kwa sababu mambo ya namna hiyo ndani yake hayamo. Mimi ni wa kujenga. Nacheza nikiwa Wete, kwenye laptop ambayo betri yake imeshazeeka, na kwa umeme wetu huu wa kuja na kuondoka nimejizoesha kuhifadhi kazi kila ninaposimamisha ukuta.

Mchezo wa msingi ni bure tangu Oktoba 2022, kwa hiyo huko gharama ni bando tu. Bando lenyewe si dogo. Ukipata mtu mwenye Wi-Fi ya nyumbani, mpelekee hata halua, kisha omba ruhusa ya kulaza kompyuta kwake usiku kucha ikipakua mchezo.

Kinacholetwa na pakiti hii hasa ni aina mpya ya kiwanja. Ukishakipa kiwanja chako aina hiyo, mchezo unaanza kuhesabu miraba ya ndani ya nyumba. Isiyozidi 32 ni daraja la vijumba vidogo kabisa, hadi 64 ni la pili, hadi 100 ni la tatu, na ukivuka 100 faida zote zinakwenda. Kadiri unavyojibana ndivyo bili zinavyoshuka, na wakaazi wanajifunza ujuzi wao kwa haraka zaidi. Usidhani utaponyokea juu au chini: ghorofa inahesabiwa, na chumba cha chini ya ardhi kinahesabiwa vilevile.

Lakini hesabu inakomea ukutani. Kilichoko nje ni chako bure.

Hapa ndipo niliponogewa. Ukitazama video za wajenzi wa Ulaya na Marekani utaona wanahangaika kuingiza kila kitu ndani. Meza inabanwa chini ya ngazi, jiko linasukumwa ubavuni mwa kitanda, na mlango wa choo haujui ufungukie wapi. Mtu wa huku hana sababu ya kuteseka hivyo. Sisi ndani tunalala na tunaweka vitu. Maisha yenyewe yako uani na barazani: ndiko kunakopikwa, ndiko kunakosukwa nywele, ndiko mgeni wa kiume anakomalizia mazungumzo yake bila ya kuvuka kizingiti. Pakiti imetengenezwa kwa ajili ya watu wanaojifungia ndani, halafu sheria zake zinatufaa sisi kuliko wao.

Nyumba ninayoipenda kuliko zote nilizojenga humo ina upana wa miraba 3 na urefu wa 10. Vipimo hivyo si vyangu, ni vya Mji Mkongwe. Vyumba vya kule ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki vizuri zaidi ya kiasi cha mita 3. Ukihesabu mraba mmoja wa mchezo kama mita moja hivi, chumba cha mawe na chokaa kinaingia chote katika daraja la kwanza na bado unabakiwa na miraba 2. Nikakigawa hivi: choo na bafu nyuma kabisa miraba 6, chumba cha kulala 12, ukumbi 12. Kuta nikazipaka nyeupe, madirisha marefu, na rafu ndogondogo za ukutani mahali pa zidaka, yale mashubaka ya ukutani ya kuwekea vitu.

Jiko, sinki na meza ya chakula vyote viko uani. Hapa muwe macho: uwa huo usiuzungushie kuta kamili, mchezo utauona ni chumba. Tumia uzio, tena chagua mrefu, kisha panda miti kwa ndani mpaka mpita njia asione kitu. Na kwa kuwa sijanunua pakiti ya misimu, mvua hainyeshi kamwe. Jiko la uani lisilojua masika! Mama alipoona alicheka mpaka akakaa chini.

Baraza ilinichukua muda zaidi. Hakuna baraza ya mawe ya kukalia, na lile jukwaa la kuinua sakafu lililoongezwa bure Desemba 2020 watu wa mchezo hawalikalii, wanasimama juu yake tu. Nimeinua jukwaa mbele ya nyumba, nikapanga juu yake mabenchi yasiyo na makuu, mgongo ukutani. Kwa mbali inapita. Ukisogeza kamera karibu ni stendi ya daladala.

Sasa lawama zangu. Mchezo haujui stara. Mgeni akikaribishwa tu, anapita moja kwa moja hadi chumbani na kukaa kitandani kwa watu, au anaingia bafuni kuoga, na baraza niliyoihangaikia anaipita kama haipo. Mlango unaweza kufungwa kwa wasio wa nyumbani, na mimi hufanya hivyo, lakini adabu haipaswi kusubiri kufuli. Chakula nacho ni kila mtu na sahani yake, akale anapojua. Sinia moja watu wakaizunguka, hakuna.

Kuna na kitanda cha kukunjwa ukutani, kilichokuja na pakiti hii. Kinaokoa nafasi kweli, ila usipokiboresha kwa ufundi kinaweza kumwangukia mtu, hata kumuua. Mdogo wangu anakipenda kwa sababu hiyohiyo. Mimi kwenye nyumba ya miraba 30 sikukihitaji, kitanda cha kawaida kilienea. Vilivyonifaa zaidi ni zile samani za kuunganisha, televisheni pamoja na kabati la vitabu katika kitu kimoja, maana ukumbi wa upana wa miraba 3 hauna pa kuweka vyote viwili.

Will Wright, aliyeubuni mchezo wa kwanza wa The Sims uliotoka mwaka 2000, aliunguliwa na nyumba katika moto mkubwa wa Oakland wa 1991, na ni katika kuanza upya ndipo alipofikiria vitu ambavyo mtu anavihitaji nyumbani. Labda ndiyo maana naona Tiny Living imekaa karibu na chimbuko la mchezo kuliko pakiti kubwa za dola 39.99.

Kinachonikosesha usingizi ni mlango. Milango iliyomo haina hata mmoja wa kukaa kwenye nyumba ya Mji Mkongwe. Kuna kipakiti cha 2021 kiitwacho Courtyard Oasis, kilichotoka kwa dola 4.99, chenye matao na nakshi za Kimoroko. Si zetu, lakini ukichagua rangi ya mbao iliyokolea na ukaacha vigae vyao vyote, jicho linakubali. Nakisubiri kwenye punguzo.