Steshenari ya Ngamiani iliyotusaidia viza ya mama mgonjwa kwenda Uingereza, nawapa nyota 4

Nilimuahidi yule dada wa steshenari kwamba mama akifika salama nitaandika, sasa kafika wiki ya tatu hii ndo nimepata utulivu.

Ni steshenari ya kawaida tu huku Ngamiani, Tanga mjini, kwenye hizi barabara zetu za namba, nje mashine mbili za fotokopi, ndani madaftari na bahasha, na kibao kidogo kimeandikwa pasipoti, viza, ajira, mikopo ya chuo. Mi nimepita pale miaka kutoa kopi za vyeti sijawahi kuwaza kama wanaweza kunisaidia kitu kizito kama hiki.

Mama yetu anaumwa mapafu. Yamekakamaa, faibrosisi, ameshaonwa hospitali ya Bombo akapelekwa mpaka Muhimbili, dawa anatumia, lakini akitembea toka chumbani mpaka uani anakaa chini kuvuta pumzi. Kaka yetu mkubwa yuko Uingereza akasema mleteni huku aonwe na bingwa, atalipa yeye, na pia hajamuona mama miaka saba na mama hajawahi kuwashika wajukuu zake wa huko. Basi tukaanza.

Mara ya kwanza hatukuanzia hapa, tulimpata wakala mmoja kwa kuelekezwa. Akatuambia kabisa ugonjwa msiutaje, mkitaja wataona anaenda kuwa mzigo, andikeni anaenda kutembea tu. Na akasema kaka atume hela nyingi kwenye akaunti ya mama ili isomeke vizuri. Kaka akatuma milioni kumi na mbili kwa mpigo, akaunti ambayo miaka yote inaingia pensheni ya ualimu na hela ya machungwa ya Muheza msimu ukifika. Baada ya wiki tatu jibu likaja, amenyimwa. Na ada ikishalipwa na alama za vidole zimeshachukuliwa hairudi. Mama hakusema kitu siku ile, alikaa kibarazani kashika ile barua ambayo hata kuisoma hawezi sababu miwani yake ilikuwa imevunjika, mi niliumia sana.

Ndo jirani akaniambia nenda pale steshenari kuna dada anajua haya mambo. Nikaenda na barua ya kunyimwa. Kitu alichofanya na hapa ndo nyota zangu zinapotoka, hakuchukua fomu wala hakutaja hela, alivuta kiti akaisoma barua mstari kwa mstari akawa ananitafsiria na kuweka alama kwa penseli. Akanionyesha, hii hapa wanasema hela imeingia ghafla haijaelezwa imetoka wapi, na hii hapa hawajaridhika kama atarudi. Akaniuliza, kaka yangu, mama anaumwa nini? Nikamwambia. Akasema sasa kwanini haijaandikwa, mbona viza ya wageni ya Uingereza inaruhusu mtu kwenda kutibiwa kwa kujilipia, hilo halifichwi. Akaongeza kwamba ukidanganya wakagundua unaweza kufungiwa miaka 10, na kwamba safari hii lazima tuseme kuwa tulishanyimwa maana fomu inauliza.

Yani nilitoka pale nina hasira na furaha kwa pamoja.

Kwa wenye wagonjwa nieleze walichotuandalia maana mi nilikuwa sijui chochote. Kitu kikubwa ni barua ya daktari wa kule Uingereza atakayemtibu, iseme ugonjwa gani, matibabu gani, makadirio ya gharama, muda, na yatafanyika wapi. Kaka ndo aliihangaikia. Alafu ushahidi wa hela ya kaka mwenyewe, mishahara yake na steitimenti zake, na barua yake kwamba analipa yeye, badala ya kujaza akaunti ya mama. Akaunti ya mama iliachwa vilevile ilivyo na pensheni yake. Afu vya huku, ripoti za hospitali, hati ya nyumba ya Makorora, barua ya serikali ya mtaa kuhusu shamba na wajukuu anaolea. Hii ya mtaa ni ya Kiswahili kwahiyo lazima itafsiriwe, na tafsiri iwe na tarehe, jina, sahihi na mawasiliano ya aliyetafsiri. Tuliomba miezi sita ile ya kawaida, ukitaka kukaa zaidi kwa matibabu kuna ya miezi 11 lakini hapo kipimo cha TB kinahitajika.

Na alinikalisha akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia, kwamba mgeni wa viza hii akilazwa hospitali za serikali za kule hatibiwi bure, anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama, na deni la kuanzia pauni 500 lisipolipwa linaweza kumkosesha viza mbeleni. Nilimpigia kaka palepale dukani akasikia mwenyewe kwa spika, akaenda kuongea na hospitali ya binafsi upya kuhusu dharura. Huyu dada angeweza kukaa kimya achukue hela yake, hakukaa kimya.

Alama za vidole ni lazima Dar na mgonjwa aende mwenyewe. Tulikodi Noah tukalaza kiti cha nyuma, tukapitia Msata kushukia Bagamoyo ili tusikae kwenye foleni ya Kibaha, mtungi wa oksijeni uko miguuni. Yule dada alikuwa ametupangia miadi ya saa tano sio asubuhi sana, akijua tunatoka Tanga. Mdogo wangu wa kike aliyemsindikiza mama alijaziwa maombi yake peke yake na kulipa ada yake, viza ya mgonjwa haimbebi msindikizaji. Safari hii zilitoka zote mbili siku ya kumi na sita.

Sasa nyota moja nimeitoa kwa nini. Upande wa ndege hawakutusaidia, walisema kateni tiketi tu. Kumbe mgonjwa wa hivi shirika la ndege linataka fomu ya afya ijazwe na daktari wake mapema, na mtungi wa nyumbani mashirika mengi hayaruhusu, unatumia kile kimashine cha oksijeni walichokikubali, na betri za kutosha safari nzima na nusu yake juu. Daktari ndo aliyetushtua, alisema hewa ya ndani ya ndege ikiwa juu inakuwa kama uko mlimani hadi mita 2,400 hivi, yani kupita Lushoto, na mama Lushoto kwenyewe alishashindwa kulala. Tulisogeza tarehe, tukalipa faini ya tiketi. Nimemwambia dada hili, ameliandika kwenye daftari lake la wateja wengine, namuamini atalifanyia kazi.

Pia pamebanana. Unaeleza ugonjwa wa mama yako huku wanafunzi wamesimama nyuma yako wanasubiri kopi, mama mwenyewe alipokuja kupiga picha ilibidi watu waombwe watoke apate hewa. Waliomba vizuri, wakampa kiti mlangoni, na yule kijana wa mashine akamwamkia shikamoo bibi akamshikia feni. Lakini wangeweka hata pazia na benchi upande.

Bei: kuandaa maombi 80,000 kwa mtu, tafsiri 15,000 kwa ukurasa, hii ya tafsiri hawakuisema mwanzo nikashtuka mwisho, ulizeni kabla. Ada ya viza ni tofauti, inalipwa onlaini kwa kadi, kaka alilipa kutoka kule.

Mama bado anaumwa, nisidanganye. Ameonwa na bingwa mara mbili, wamembadilishia dawa, jana alikuwa kampakata mjukuu mdogo kwenye simu anatuonyesha, ana mpira wa oksijeni puani na anacheka. Kaniagiza machungwa yakianza nipeleke kikapu kimoja pale steshenari.

Wanafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa wanafunga saa sita mpaka saa nane. Mkienda na mgonjwa nendeni mchana saa nane hivi wanafunzi wakiwa bado darasani.