Pamba au kitani kwa taulo za Bukavu

Hapa Bukavu, ambako mvua huchelewesha nguo kukauka kambani, uchaguzi wa nyuzi za taulo una uzito. Pamba na kitani zote zina selulosi kwa wingi, yaani dutu inayojenga mimea, nayo huvuta maji; katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hushika maji ya takriban asilimia 8 ya uzito wake mkavu, na kitani karibu 12. Lakini pamba mbichi, kwa sababu ya nta inayoifunika, hukataa maji mpaka ichemshwe katika maji yenye soda ya kufulia, hatua ambayo mfumaji asiiruke kamwe. Kitani hukauka upesi zaidi. Hata hivyo, kwa taulo ya mtoto ningechagua pamba iliyofumwa kwa vitanzi, kwani ni laini na vitanzi hivyo hunasa maji mengi.