Kushonwa kano za bega: upasuaji safi, karatasi ya kuruhusiwa haitoshi

Mimi ni seremala hapa Tabora, Ng'ambo, na mkono wa kulia ndio unaoniweka mjini. Bega lilianza kuniuma siku tuliyopandisha mbao za mninga kwenye kenchi. Baada ya hapo hata kuvaa shati ikawa kazi, na usiku ndiyo usiseme. Eksirei ilionyesha mifupa mizima, na hilo lisimdanganye mtu, maana eksirei haionyeshi kano, zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa. Mpasuko ulionekana kwenye MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha hata nyama laini, nikapewa rufaa nje ya mkoa.

Upasuaji wenyewe naupa alama zote. Daktari bingwa alichukua kalamu akanichorea: misuli minne inazunguka bega, na kano zake ndizo zinazokishika kichwa cha mfupa wa mkono. Yangu ya juu ilikuwa imeng'oka kwenye mfupa. Angeirudisha kwa vinanga vidogo vinavyozamishwa mfupani, vikiwa na nyuzi zake za kushonea. Kabla ya nusu kaputi akanieleza bila kuficha kwamba nyuzi zinashikilia tu. Kano yenyewe huchukua kama miezi mitatu kushikamana na mfupa, na anayewahi kunyanyua mizigo anaweza kuichana upya. Manesi nao Mungu awabariki. Walinifundisha kulala nimeegemea mto, mwingine chini ya kiwiko, na kuvaa shati kwa kutanguliza mkono mgonjwa.

Kilichoniudhi ni siku ya kuruhusiwa. Karatasi ilikuwa na dawa za maumivu, tarehe ya kutoa nyuzi za kidonda, na neno moja: mazoezi. Mazoezi gani, yaanze lini, mkono unyanyuliwe mpaka wapi, hakuna. Mgonjwa anarudi Tabora kwa basi, mkono umening'inizwa shingoni, kila tuta analisikia begani, halafu hajui kesho afanye nini. Hospitali yenye madaktari wazuri kiasi kile haikupaswa kuniachia hapo.

Mtaalamu wa mazoezi tiba niliyempata huku nyumbani aliniuliza swali lililonifungua macho: "Baba, walishona kano ngapi? Mpasuko ulikuwa na ukubwa gani?" Nikabaki kumtazama. Alikataa kuligusa bega mpaka ampate aliyenipasua kwa simu, na alimtafuta mwenyewe. Kwa hilo tu namheshimu sana yule dada.

Wiki za kwanza mkono ulibaki kwenye mkanda wa kuuning'iniza shingoni; nilifanyishwa mazoezi ya vidole, kifundo cha mkono na kiwiko tu. Kisha akaanza kuuinua yeye, mkono mmoja kwenye kiwiko changu, mwingine kwenye kifundo. "Legeza, baba, usinisaidie." Msuli wa bega ukijikaza mapema unavuta mshono, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutofanya kazi, na kwa seremala hilo ni gumu kuliko kuchana gogo. Anapima kwa kipimapembe cha plastiki, anaandika kwenye daftari, anakuonyesha ulipotoka. Baadaye ikaja fimbo ya ufagio, kisha kamba ya mpira. Niliona wenzangu pale wamekuja na mabega yaliyoganda baada ya kuchuliwa mtaani wakati kidonda bado kibichi. Jamani, msikubali.

Bima ulizeni mapema, kabla ya kufunga safari, kama MRI na vinanga vimo. Wenye kisukari wasemeeni madaktari wazi, na mvuta sigara aache, kwa sababu vyote viwili huchelewesha kano kushika.

Anayetoka Urambo, Sikonge au Kaliua kwenda kushonwa bega, asiondoke wodini bila maelezo ya upasuaji yaliyoandikwa: kano zipi, mpasuko kiasi gani, mkanda uvuliwe lini, mkono uanze kunyanyuliwa lini, na namba ya simu ya kliniki. Na hospitali inayopokea watu wa mbali iandike hayo yote bila kuombwa.