Benchi la mbao za mtumbwi: alichonifanyia fundi wa Mwanga

Nimejizuia kuandika kwa muda, lakini kila nikipita mlangoni kwangu nalikuta lile benchi na hasira inaanza upya.

Nilikuwa napamba baraza letu hapa Kigoma na sikutaka kitu cha dukani. Mbao nilizipata Kibirizi, za mtumbwi wa dagaa uliokwisha kazi, mwenyewe alishataka kuupasua kuni. Mbao zile jamani! Bluu ya juu imechujuka, chini yake nyekundu inachungulia, kila tundu la msumari limezungukwa na kutu. Ubao mmoja ulibaki na herufi nne za jina la mtumbwi, SUBI, za mkono kabisa, B imeinama kidogo. RA ilienda na ubao uliooza. Huo ndio nilitaka uwe egemeo la benchi, mgeni akibisha hodi auone kwanza.

Tulielewana na fundi mbele ya kijana wake. Uso wa rangi usiguswe. Asugue kwa brashi na maji ya sabuni, aanike kivulini, ang'oe misumari, apige msasa kingo tu zisichane nguo za watu, halafu vanishi isiyong'aa. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, ile metali yenye sumu, ndiyo maana nilisisitiza maji na si kukwangua vumbi likapaa. Nikatoa advansi, nikaongeza na hela ya usumbufu wa misumari.

Kurudi, nakuta benchi linang'aa kama limetoka kiwandani. Amelipiga randa lote! SUBI yangu iko sakafuni, maranda ya bluu, na watoto wa jirani wanayachezea. Namuuliza, hata kichwa hainui: "Dada, mbao kuukuu mlangoni ni aibu. Watu watasema mmefilisika. Mimi nimekusitiri."

Amenisitiri na nini? Nani alimwomba? Na anayasema hayo Kigoma, kwenye bandari ya Liemba, meli iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaja kuinuliwa 1924, ikarudi majini 1927 na kubeba watu wa ziwa hili vizazi na vizazi. Aliyeipanda akaona aibu ni nani?

Haki yake nimpe. Mkono anao. Miguu ameichonga ikaingia kwenye matundu ya kikalio bila msumari hata mmoja, watu wazima watatu wanakaa na halilii. Mume wangu anasema kwa uimara huo nimsamehe tu, na kuna siku nakubaliana naye, nasema nitawaelekeza na wengine kwake.

Halafu natazama juu, naona taa. Hiyo nilitengenezewa na fundi bati wa Ujiji kutokana na karabai bovu la wavuvi. Alitoa matumbo yake, akapitisha waya na balbu, na ule mbonyeo wa ubavuni akauacha. Kabla hajagusa kitu aliniuliza, "Mama, hapa pabonde nipanyooshe au ndipo unapopapenda?" Swali moja tu! Mkeka wa ukindu uliopo chini yake nao mama aliyeusuka aliniita nichague rangi kabla hajaanza kutia.

Kwa hiyo hapana, simwelekezi mtu. Uhodari wa kuunga mbao haumpi fundi ruhusa ya kuamua mlango wangu uweje, halafu anijibu ameinamia randa. Labda ukiwa na mbao mpya, zisizo na kitu cha kupoteza, mpelekee, na ukae palepale mpaka amalize.

Salio lake bado ninalo. Kijana wake amekuja kulidai, nimemrudisha na ujumbe: bosi wako aje mwenyewe, aketi kwenye hilo benchi, aseme samahani, ndipo tuhesabiane, na ile hela ya ziada naikata.