Kibanda cha kuchapa barua, Nasser Road, Kampala

Tulikwenda mimi, mama na shangazi, tukiwa na kurasa nne za mwandiko wa mkono. Mdogo wangu alifungwa kwa wizi akiwa na miaka 19. Sasa ana 23, yuko gereza la Luzira, amejifunza useremala, na kila tukimtembelea anamwomba mama msamaha upya. Tulitaka barua ya kumwomba Rais amhurumie.

Dada wa kompyuta hakukimbilia kuchapa. Alisoma kurasa zote, kisha akauliza taratibu, "Mama, mbona aliyeibiwa hamjamtaja?" Kweli, hatukuwa tumemtaja. Mama alilia, tukaanza upya. Dada akatueleza kwamba kwa kifungu cha 121 cha Katiba ya 1995, Rais husamehe kwa ushauri wa kamati inayoongozwa na Mwanasheria Mkuu, kwa hiyo barua iitaje kamati hiyo. Maneno ya mama aliyaacha yalivyo: "Mkono ulioiba sasa unatengeneza viti."

Shilingi 6,000, nakala tatu. Umeme ulikatika tukangoja saa mbili, na benchi ni moja tu. Magoti ya mama yaliuma sana. Jibu bado hatujapata. Nikihitaji barua nyingine, nitarudi kwa dada yule yule.