Mtathmini wa vitu vya kale aliyekuja kwetu Kisumu: nampa nyota nne

Kama kwenu kuna sanduku la marehemu na kila mtu kwenye ukoo ana bei yake kichwani, lipieni mtathmini awakatie ubishi. Sisi tulimwita mmoja wa kutoka Nairobi, ambaye huku Kisumu huja kwa miadi. Anatoza shilingi 2,500 kwa kila kitu, kiwe cha maana au takataka, na yeye mwenyewe hanunui. Hapo ndipo aliponivutia, maana muuzaji mmoja mjini alikuwa ameshaiweka medali yetu kwenye mizani na kutaka kutulipa kwa gramu.

Medali hiyo ni ya fedha, ya vita vya 1914 hadi 1918, ina kichwa cha Mfalme George wa Tano. Mtathmini hakujali kichwa cha mfalme. Aliisimamisha ubavu, akamulika kwa tochi ndogo na kumsomea shangazi maandishi ya ukingoni: nambari ya askari, jina la babu yake, halafu K.A.R., yaani King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki. Shangazi akataka asomewe tena. Tukaelezwa kwamba wakusanyaji hulipia jina na kikosi. Uzito wa fedha ni hesabu ya sonara. Pia isisuguliwe kamwe, na shangazi alikuwa tayari na majivu na ndimu.

Kwenye cherehani ya Singer ndipo kaka yangu alipovunjika moyo. Alikuwa bado anaamini ule uvumi kwamba ndani ya cherehani hizi mna zebaki nyekundu, kitu kinachodaiwa kuwa cha thamani kubwa, uvumi uliopandisha bei yake kule Saudi Arabia mwaka 2009. Tukafungua kifuniko cha chini: mafuta yaliyoganda na nyuzi. Nambari iliyogongwa kwenye chuma inaanza na herufi Y, kwa hiyo ilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kabla ya Vita vya Pili. Ni nzee kweli, lakini zilitengenezwa kwa mamilioni. Mtathmini akasema tuitie mafuta tushone nguo.

Bangili ya pembe ya ndovu hakuigusa, wala hakututoza. Kwa sheria ya wanyamapori ya 2013, kukaa na kitu kama hicho bila kibali ni kosa, akatuambia tuwaone KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya lolote. Kusema kweli tulitetemeka kidogo.

Kigoda cha miguu mitatu alikipitia haraka mno kwa pesa tuliyolipa. Alichosisitiza ni kwamba, kwa sheria ya makumbusho na urithi ya 2006, kitu kilichotengenezwa kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa cha kale na hakivuki mpaka bila kibali. Binamu aliyepanga kukisafirisha Uingereza akabaki anaangalia simu.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ripoti. Ilichelewa, ikaja kwa Kiingereza kigumu, ikabidi nikae na shangazi nimfafanulie mstari kwa mstari. Lakini ina picha, vipimo na bei mbili kwa kila kitu: ya kuuza leo na ya bima, ambayo iko juu zaidi. Ukimwita, toa na barua, picha na vyeti vya zamani. Sisi vyeti vya babu vilikuwa Siaya, na ameahidi kuiongezea medali maelezo tukivipata, bila kutoza upya.